Chombo cha Maji Mawili

Ko. Ko. Ko.

Giza lilikuwa bado limejaa chumbani, na pale Mbagala adhana ya alfajiri ilikuwa haijasikika. Mgeni angedhani ni panya kabatini, au mwizi anajaribu mlango. Avelina hakushtuka. Alijua ni mumewe, Kornelio, anagonga chaga ya kitanda kwa kifundo cha kidole. Kornelio alikuwa mchonga vinyago, na kila alipokuwa na jambo zito kichwani aligonga mti wowote uliokuwa karibu, akasikiliza unavyomjibu.

“Baba Noela, hicho kitanda umekigonga tangu tuoane. Bado tu hujakiamini?”

“Kitanda nakiamini. Nafikiria hicho chombo chako.”

Avelina alitabasamu gizani. Chombo chake! Alikuwa mtoto wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na baba yake alimfundisha kupiga kafi kabla hajajua kusoma. Alipoolewa akaja Dar, akawa muuza samaki wa kukaanga. Alfajiri ananunua samaki waliovuliwa na watu wengine, mchana anakaanga, jioni anakwenda darasani kumalizia sekondari aliyoikatiza. Mwaka huu mtihani kafaulu, kikoba nacho kimevunjwa, fungu lake kalipata, na alikuwa anataka kitu kimoja tu: avue mwenyewe. Mvua zikinyesha apande Mto Mzinga kwenye maji baridi, atafute kambale na perege. Mvua zikikatika ateremke mpaka maji chumvi, atafute changu na tasi. Chombo kimoja, maji mawili.

Kornelio hakukataa. Ila alikuwa mtu wa Masasi, maji mengi aliyoyazoea ni ya ndoo, akatoa sharti. Chombo chochote watakachokichagua, akipande yeye kwanza. Akitulia ndani yake, kinunuliwe. Asipotulia, mkewe aendelee na kikaango chake.

“Si kwamba nakubania,” alisema pale kitandani. “Wewe ukiwa majini, mie ndo nitakuwa hapa na mtoto. Nataka niwe napata usingizi.”

“Haya. Kesho kutwa usije kusema nilikulazimisha.”

“Kesho kutwa nini, mama, si ndo leo tunaenda?”

Wakacheka wote wawili, na usiku ukawa umeisha.

Kwenda Kigamboni kuchagua chombo wangeweza kupita njia ya Kongowe, lakini binti yao Noela, mwenye miaka mitano, alishatangaza mtaa mzima kwamba atapanda pantoni. Basi wakapanda pantoni. Kornelio alikamata reli kwa mikono miwili. Watu walipomsukuma akaikosa reli, alikamata tenga la mchicha la mama mmoja aliyesimama kando yake.

“Kaka,” mama yule akamwambia, “hilo tenga nalo halijui kuogelea.”

“Mama, mbona baba anashika tenga la watu?” Noela akauliza kwa sauti, na abiria wakaangua kicheko.

Ng'ambo ya pili, Kigamboni, walitembea ufukweni mpaka kwa Mzee Salumu, fundi na muuza vyombo. Wakamwamkia. Mzee aliitikia marahaba, akamgeukia Kornelio moja kwa moja.

“Karibu, bwana mkubwa. Unataka cha kuvulia wapi?”

“Muulize mwenyewe,” Kornelio akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Mzee Salumu alimtazama Avelina kuanzia kilemba mpaka kandambili. “Mama ndo mvuvi?”

“Mie ndo mvuvi, baba. Huyu nimekuja naye agonge mbao.”

Vijana waliokuwa wanashona nyavu pembeni wakapiga miluzi. Mzee akacheka, akawapeleka kwanza kwenye boti ya faiba ya buluu, inang'aa kama sahani mpya. Kornelio akaigonga, akaweka sikio. “Hii haina la kusema,” alitoa hukumu. Avelina naye hakuitaka, maana ilihitaji mashine, na kule juu mtoni maji ni ya magotini.

Halafu wakafika kwenye ngalawa, na hapo Kornelio uso ulimchanua. Huku na huku ubavuni ilikuwa na miti iliyofungwa mbao za kuelea, imekaa imara kama kuku anayelalia mayai. Akaingia, akaketi, akakunja nne.

“Ave, mbona nimetulia kabisa!”

“Kaka, hiyo bado iko mchangani!” kijana mmoja wa nyavu, Bakari, akapiga kelele.

Avelina alicheka mpaka akashika mbavu, lakini mkono wake ulikuwa unafungua kanga kiunoni. Siku chache kabla alikuwa ameingia mtoni, akaikunjua kanga ile kati ya mikoko, pale njia inapobana kuliko pote. Ilipita ikiwa imenyooka, na nafasi kidogo ikabaki. Sasa akaitandaza juu ya ngalawa, toka ubao wa kushoto kwenda wa kulia. Haikufika hata kidogo.

“Baharini itaenda,” alisema polepole. “Mtoni itakwama mlangoni.”

Nyuma ya banda kulikuwa na mtumbwi mwembamba uliopinduliwa kifudifudi, vijana wakiufanya benchi. Kornelio aliugonga. Ko! Sauti ikatoka nzima, kavu, tamu. Akagonga tena sehemu nyingine, ikajibu vilevile. “Huu mti haujaoza popote,” alisema, na macho yakamng'aa kwa mara ya kwanza bila woga.

Wakauingiza majini. Avelina akapanda, akasimama wima, kafi mkononi, akazunguka, akarudi kinyumenyume. Miguu yake ilikumbuka yenyewe. Bakari akasema, “Sista, samahani sana,” na vijana wa nyavu wakapiga makofi.

Ikabaki zamu ya Kornelio. Alikaa katikati, kashika kingo zote mbili, vidole vimekakamaa. Wimbi la pantoni likaja taratibu, likauinua mtumbwi, likauegemeza. Kornelio akaegemea upande uleule, na chombo kikapinduka. Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Aliibuka anakohoa, amekumbatia kafi kama mtoto mchanga, na ufuko wote ukacheka, yeye mwenyewe akawa wa mwisho kuanza na wa mwisho kumaliza.

Lakini alipofika nchi kavu alisema kwa upole, “Ave, siwezi kukudanganya. Ukienda baharini na hiki, mie silali.”

Avelina alikaa mchangani. Mtumbwi alioupenda ulikuwa kushoto, ngalawa ya mumewe kulia, na yeye katikati akawa anaona kikaango kinamsubiri nyumbani. Akaitazama ngalawa kwa muda mrefu. Ile miti ya ubavuni haikupigwa msumari hata mmoja. Ilikuwa imefungwa kamba.

“Baba Salumu, hizi kamba zikifunguliwa?”

“Miti inatoka. Unabaki mtumbwi.”

“Na mtumbwi ukifungwa miti?”

Mzee akaishika kamba moja. “Watu hawafungagi na kufungua. Wakishafunga, wamefunga.”

“Mie nitafunga nikiwa nashuka baharini, nifungue nikipanda mtoni.”

Kornelio alishapiga magoti kwenye ukingo wa mtumbwi, anapapasa. “Mtumbwi usitobolewe,” alisema, kama anayejisemea. “Nitachonga miti yenye mdomo, iung'ate ukingo, kamba ikaze juu. Mzee, utuwekee huu. Utuvumilie wiki moja.”

Wiki nzima ua wao ulijaa vumbi la mbao, na majirani waliokuja kununua samaki waliondoka na maranda ya mti kwenye nywele. Noela aligonga kila kitu: meza, mlango, hata goti la mwenye nyumba. Jumapili baada ya misa wakarudi Kigamboni na miti miwili na mbao zake za kuelea.

Mdomo wa mti wa kwanza uliuma ukingo, ukatulia. Avelina akakaza kamba, akafungua, akakaza tena, mikono haisiti. Mzee Salumu alikuwa amesimama karibu, anatikisa kichwa.

“Nimeuza vyombo tangu ujana,” alisema. “Sijawahi kuona chombo kinachovua nguo mtoni na kuvaa baharini.”

“Kama mwenye chombo, baba, kanga yangu nayo niliivulia mtoni,” Avelina akamjibu, na Bakari akacheka mpaka akaangusha sindano ya nyavu.

Wakaingia wote watatu. Noela akakaa mbele, Kornelio katikati, Avelina nyuma akipiga kafi, maji yakiwabembeleza. Pantoni ikapita kule mbali. Avelina aliliona wimbi lake linakuja, akaacha kupiga kafi. Chombo kikapanda, ubao wa kushoto ukagusa maji, wa kulia ukanyanyuka, kisha vyote vikarudi mahali pake. Kornelio alikuwa anaugonga ukingo kwa kidole, shingo kaiinamisha, anasikiliza.

Noela aligeuka nyuma, akamtazama, akatangaza kwa sauti kubwa:

“Mama, baba hajashika kitu.”