Shamba Lililomjua Josefina

Saa moja asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa saba, Josefina alikuwa anachimba mashimo kwenye shamba la mzee Kastori huko Buhinyuza, Burundi, shimo moja kila baada ya hatua mbili. Kwenye kila shimo alitia kijiko kimoja cha chembe nyeupe zinazofanana na chumvi ya mawe, akafukia, akasogea. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki saba. Alikuwa pekupeku, maana kandambili zilimkatikia njiani.

Chembe zilitoka kwenye maabara moja ya Gitega. Walizitengeneza watafiti watatu kwa pamoja: Léonard wa kemia, Ursula wa udongo na Adriano wa fizikia. Léonard aliwaeleza wakulima kwamba molekuli zake ni kama kiganja. Zikiguswa na maji zinafumba na kuyashika, zikiguswa na joto zinafumbua na kuyaachia taratibu, kwa hiyo mvua ya mwezi wa nne itanywesha maharagwe ya mwezi wa saba. Wakulima walielewa mara moja na kuuliza zitauzwa lini.

Ilipofika saa tatu, nyayo za Josefina zilikuwa zimejaa maji. Kila alipokanyaga, toka shimo la kwanza hadi pale aliposimama, maji safi yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu. Kastori alikuja, akaangalia, akamwambia apite na upande wa pilipili, kwa sababu nazo zilikuwa na kiu.

Sasa niseme habari ya shamba lenyewe, watu wasije wakadhani Josefina alikuwa kibarua tu. Lilikuwa la baba yake, Manase. Mwaka 1993, vita vilipozuka, Manase alimshika mkono Josefina, wakati huo ana miaka kumi, akapita kwa jirani yake Kastori na kumwambia, "Nichungie shamba. Tukirudi utanipa." Walikaa kambini Tanzania miaka kumi na tisa, na Manase akafia huko. Kastori naye alilichunga kweli, jamani. Alilichunga mpaka akapata karatasi yenye muhuri na jina lake. Josefina aliporudi alipokelewa vizuri, akapewa uji, kisha akaulizwa, shamba gani? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimpa jembe kwenye ardhi ya baba yake, na kaburi la mama yake liko palepale kwenye kona, chini ya mparachichi. Kama hilo halikuudhi, mimi limeniudhi.

Watafiti walifanya kazi yao. Walileta watu sitini wapite shambani pekupeku: kwaya ya parokia, walimu wa shule, na Cibalonza, mama wa Kikongo aliyekuwa anapita tu kuuza vitenge. Wote sitini waliacha nyayo kavu. Kastori mwenyewe alipita mara tatu. Mara ya tatu walimmwagia ndoo nzima miguuni, na udongo ukaikataa, maji yakateremka barabarani.

"Ii si mambo ya chimie," alisema Léonard, akiitetea kemia yake. "Chimie iko bien. Ii ni mambo ya udongo."

"Udongo ni ule ule," alisema Ursula. "Uliza mutu wa physique."

Adriano alipima tena, akasema chombo chake kiko sawa.

Wakamwomba Josefina atembee popote apendapo, nao wamfuate na kamba. Alielekea barabarani, na nyayo zikajaa maji mpaka kwenye jiwe lenye ufa. Hatua moja baada ya jiwe, kavu. Akageuka hadi kwenye mti wa muvumu, ikawa vivyo hivyo. Upande wa chini maji yalipitiliza jikoni kwa mtoto wa Kastori hadi kwenye mfereji, na mke wa huyo mtoto akahamisha mafiga. Ursula alichora mpaka wote kwenye karatasi.

Josefina aliufuata mpaka kwenye ramani kwa kidole. "Baba alinielekeza hivi hivi," alisema. "Jiwe lenye ufa, muvumu, halafu chini mpaka kwenye mfereji. Daktari, si umeona mwenyewe?"

"Niliona, mama," alisema Léonard. "Lakini mi niko mutu wa labo. Mambo ya mashamba inaendaka ku biro, Gitega."

Josefina alikwenda Gitega. Ofisi yenyewe jina lake tuliache. Alibeba ramani yenye saini za watafiti watatu, na beseni la udongo wa shamba lile alilolipakata ndani ya basi njia nzima. Mezani alimkuta karani anayeitwa Pétronille.

"Papye ya shamba iko wapi, mama, ile karatasi ya muhuri?"

"Ni hili beseni, dada."

Josefina alivua kiatu, akaingiza mguu kwenye udongo. Maji yalipanda, yakafurika, yakasambaa sakafuni. Pétronille aliyapandisha mafaili juu ya kabati, akatafuta tambara, akapiga deki. Kisha aliandika kwenye daftari kwamba ushahidi umepokelewa, na umelowa. "Urudi mwezi wa tisa," alisema.

Mwezi wa tisa hukumu ilisomwa na bwana mmoja mwenye tai. Alisema ofisi imeridhika kabisa kwamba shamba linamjua mama Josefina. Lakini kujulikana na shamba si kulimiliki. Udongo hauna kitambulisho, hauwezi kuwa shahidi, na mzee Kastori ana karatasi.

"Hiyo karatasi alipewa na nani?" Josefina aliuliza.

"Na ofisi hii."

"Basi mmejishuhudia wenyewe."

Bwana alimwomba Pétronille aandike na hilo pia. Pétronille aliandika.

Mwaka huohuo utafiti wa wale watatu ulichapishwa nje na kusifiwa sana. Ndani yake kuna jedwali la vitu vinavyoziamsha chembe: joto, unyevu, chumvi, na "kichocheo J". Ndiye huyo. Mama wa watoto watatu amewekwa chini ya chumvi, na hata asante hakuna. Shenzi kabisa.

Josefina aliacha kwenda shambani. "Sitoki hapa," aliwaambia waliotumwa kumwita. "Waitandaze karatasi yao kwenye matuta, waone kama itatoa maji." Siku tisa alikaa kwenye chumba chake cha kupanga. Mvua ilichelewa, chembe zikasinyaa, maharagwe ya Kastori yakaanguka moja moja. Habari hiyo aliletewa kila jioni, na kila jioni alikula vizuri.

Siku ya kumi Kastori alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Binti yangu," alisema, "kaburi la mama yako limepasuka."

Hakuwa anadanganya. Ufa ulianza kichwani ukaishia miguuni, na mkono wa mtu mzima uliweza kuingia mpaka kwenye kiwiko. Josefina alivua viatu. Alilizunguka kaburi polepole, mara saba, na udongo ukalainika, ukakutana, ukafunga. Alibaki amepiga magoti pale, akilia kwa hasira, matope mpaka mapajani.

Kastori alimsubiri amalize. Ni mtu mwenye adabu. "Kwa kuwa umeshafika," alisema, "pita na huku kwenye maharagwe."

Siku hizi Josefina anakuja kila asubuhi saa kumi na mbili, kwa sababu asipokuja siku mbili kaburi linaanza kufunguka. Anaanza na hilo, halafu anapita shamba zima, tuta kwa tuta, na Jumamosi anapewa kapu la maharagwe. Hakuna shamba la kijani kama lile mkoa wote wa Muyinga. Wageni wanatoka Gitega kuja kupiga picha na Kastori. Akifika kwenye jiwe lenye ufa, Josefina anajipangusa miguu kwa majani makavu na kuvaa viatu. Kastori anafunga lango nyuma yake, na anamkumbusha kesho asisahau pilipili.