Uso wa Mzee Kimbia

Katika chumba changu cha sanaa kuna sheria moja isiyo na mjadala: brashi ya mwalimu haigusi kazi ya mwanafunzi. Ukitaka kuonyeshwa, nitakuchorea kwenye karatasi yangu, utatazama, kisha nitaichana mbele yako. Watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, ni mafundi wa kudeka. "Mwalimu, nisaidie hii pua." Nami hujibu, "Pua ni yako, pambana nayo." Wananiona mkali, na kweli mimi si mtu wa kubembeleza. Lakini mtoto akimaliza pua yake mwenyewe, hata ikiwa imepinda, anatembea kwa mabega mapana wiki nzima.

Mwalimu mkuu aliyehamia kwetu mwanzoni mwa muhula hakuijua sheria hiyo. Siku moja aliingia, akapima ukuta kwa macho, akasema, "Mwalimu, tusidanganyane. Nimezunguka shule nyingi. Siku ya wazazi ikikaribia, watoto wanaenda nyumbani, mwalimu wa sanaa anabaki na brashi. Mzazi anakuja, anapiga picha, anafurahi. Kumbe mwanawe hajui hata kushika penseli."

"Hapa si huko," nikamwambia.

"Basi nitajionea. Chumba hiki kina mwanga, nami natafuta pa kuweka kompyuta. Siku ya wazazi nikikuta uchafu ukutani, chumba kinaondoka. Nikikuta kazi ya mikono yako, kinaondoka vilevile."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Bila chumba, sanaa ingebaki kwenye ratiba kwa jina tu, maana rangi na maji havibebeki darasa hadi darasa. Niliwaeleza watoto yote, neno kwa neno. Sioni faida ya kumficha mtoto jambo linalomhusu.

Tukakubaliana kuchora uso mmoja mkubwa, wa kufunika ukuta. Uso wa nani? Walipiga kura, na mlinzi wa geti akashinda kwa kishindo. Sote tunamwita Mzee Kimbia, kwa sababu kila asubuhi kengele ikilia huanza kufunga geti polepole huku akiwapigia kelele wanaochelewa, "Kimbia! Kimbia!" Mwenyewe alipoombwa kupigwa picha alienda kwanza kunyoa.

Zoezi lenyewe ni hivi. Picha ndogo tunaipiga mistari iwe miraba, safu sita kwa upana. Kila mtoto anapewa mraba wake mmoja tu, anauchora upya kwa ukubwa kwenye kadibodi. Aliyepewa kipande cha sikio hajui kama ni sikio. Anachora anachokiona, si anachokidhani. Mwishoni vipande vyote vinabandikwa kwenye ubao mkubwa, kila kimoja mahali pake, na hapo ndipo uso unapotokea.

Kadibodi zililetwa na duka la karatasi zikiwa vipande virefu, kimo sawasawa, kazi ikabaki kukata upana. Kundi la kwanza, la nusu ya kushoto, lilitumia rula mpya, na hiyohiyo ndiyo waliyotumia kuchora mistari ya ubao. Kundi la pili, la nusu ya kulia, lilitumia Kigutu. Kigutu ni rula yetu ndefu ya mbao ambayo ncha yake ilikatika zamani kwa kuzuilia dirisha. Haianzii sifuri, inaanzia mbili. Kila mtoto wangu anajua: ukipima na Kigutu, ongeza mbili. Siku ile, kwa raha ya kushika wembe, hawakuongeza.

Hakuna aliyegundua, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameinamia kipande chake. Nilipita kati ya meza nikifoka kuhusu maji machafu na brashi zilizolala kwenye rangi, na kimoyomoyo nikifurahi. Kulikuwa na kivuli cha shavu pale ambacho mimi mwenyewe nilikipata baada ya miaka ya kukosea.

Alasiri ya mwisho kabla ya siku ya wazazi tukabandika. Nusu ya kushoto ikakaa vizuri, nusu ya kulia ikagoma. Kila safu ilipungua, ikaacha ufa mweupe wa upana wa vidole viwili, kuanzia juu ya kofia mpaka chini ya kidevu. Nyufa tatu, usoni mwa mzee wa watu.

Msichana mmoja mwembamba, tunamwita Sindano kwa ulimi wake mkali, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi la pili. Siku zote ana jibu. Siku hiyo aliishika Kigutu mikononi, akaangua kilio. "Ni mimi, mwalimu. Ni mimi niliyepima."

Kadibodi zilikuwa zimekwisha, na duka limefungwa. Shoga yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akanivuta pembeni.

"Waruhusu waende nyumbani, kisha shika brashi uzibe," alininong'oneza. "Wewe kwako hii ni kazi ya saa moja. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Acha ukaidi, shoga. Chumba kikienda, hiyo sheria yako utaitundika wapi?"

Sitasema uongo, maneno hayo yalinichoma. Brashi ilikuwa mkononi tayari, na macho yangu yalishaona rangi ipi iende wapi. Nilikitaka chumba changu. Nilikitaka kuliko hata nilivyotaka kuwa sahihi, na mimi napenda sana kuwa sahihi. Lakini nilipogeuka niliwaona watoto wote wananitazama, na kila uso umekaa tayari kunikabidhi kazi.

Nikairudisha brashi kwenye kopo. "Kazi ni yenu, kosa ni lenu. Tengenezeni," nikasema. Nikavuta kiti, nikakaa, mikono nikaikalia.

Wakaanza kugombana. Mmoja akataka vipande visogezwe pamoja; wakajaribu, mzee akawa na shavu moja la mtu mwenye njaa. Mwingine akataka nyufa zipakwe rangi ya ngozi. Wakapima kwa macho, wakaona jicho na mdomo vitakatikakatika kama viraka. Mimi kwenye kiti nilikuwa natokwa jasho.

Sindano alikuwa amesimama nyuma kabisa, anafuta machozi kwa mkono wenye rangi ya buluu. Ghafla akasema, "Jamani, si ndivyo tunavyomwona?"

"Tunamwona vipi?"

"Asubuhi. Geti likiwa nusu. Upande mmoja uso wake uko wazi, upande mwingine uko nyuma ya vyuma."

Likazuka zogo. Mmoja akakimbilia rangi nyeusi, mwingine kijivu cha kung'arisha chuma. Zile nyufa tatu zikawa nondo tatu za geti, zenye kutu kidogo pale chini, hata komeo wakalitia. Walipomaliza, Mzee Kimbia alikuwa anachungulia kutoka ukutani, nusu nje, nusu ndani, mdomo umefunguka. Ungeweza kumsikia. Nikatoka uani kusafisha kopo ambalo lilikuwa safi, nikalia huko peke yangu kwa furaha.

Kesho yake wazazi walijaa chumba. Mzee Kimbia mwenyewe alikuja, akaweka kofia yake sawa mbele ya ukuta, akatazama kwa muda mrefu.

"Sikio hilo si langu," akasema.

"Ni lako, mzee!" watoto wakamjibu kwa pamoja, naye akalishika lake kuhakikisha.

Mwalimu mkuu aliingia akatulia. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Kisha akanigeukia na tabasamu la mtu aliyemkamata mwizi. "Hili wazo la geti ni la mtu mzima, mwalimu."

Nilifungua mdomo. Sindano akaniwahi.

"Si wazo, mwalimu mkuu. Tulikosea kupima. Nilisahau kuongeza mbili, ikabidi tuzibe." Akamletea Kigutu, akamwonyesha ncha iliyokatika, akamwonyesha kila kadibodi iliyopungua, bila aibu hata chembe. Wenzake wakadakia: huyu pua, huyu kola, huyu chuma cha katikati na kutu yake.

Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Na mwalimu wenu? Alichora kipande kipi?"

Sindano alimshangaa. "Mwalimu? Hakufanya kitu chochote."

"Alikaa tu," akaongeza mwingine.

"Na kufoka," akamalizia wa tatu, na wazazi wakaangua kicheko.

Mwalimu mkuu hakucheka. Aliutazama ukuta, akawatazama watoto mmoja mmoja, kisha akaniambia taratibu, "Kompyuta nitazitafutia kwingine, mwalimu. Ni kweli wanayosema?"

Nimewahi kupewa vyeti, nimewahi kupigiwa makofi. Sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama pale.

"Ni kweli," nikamjibu. "Sikufanya kitu."