Mlango wa Pili

Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa kando ya mlango, na hiyo ilinitosha kujua kwamba siku ile pia sitaingia. Nilimwachia mwanangu Lutengano mkono kwenye ukingo wa migomba, nikamsukuma kidogo mgongoni, akakimbia peke yake hadi darasani huku kikombe chake cha bati kikimgonga pajani. Mimi nikajifunika kanga kichwani na kuzunguka nyuma ya jengo, mahali ambapo nyasi zilikwishalala kwa kukaliwa na mimi.

Ilikuwa fimbo ya baba mkwe wangu. Jina lake sikuwa nimelitaja hata mara moja tangu niolewe, kwa kuwa kwetu Unyakyusa mke halitaji jina la baba wa mume wake. Hamtazami. Hasemi naye. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia vichakani na kujifunika mpaka mzee apite, na ndani ya chumba kimoja hawakai. Wageni wakiuliza huambiwa kwamba hiyo ni heshima. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka mwaka ule nilipoona ni nani aliyeshika mpini wa heshima hiyo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, kwetu Rungwe, milimani juu ya Tukuyu. Mwalimu Matilda alikuwa amekuja kutoka Iringa na mumewe, aliyeletwa kufanya kazi katika zahanati ya misheni. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliwaomba wazee wa kanisa kibanda cha mianzi kilichokuwa cha kuhifadhia mahindi, akakifagia, akafungua darasa la watoto wadogo, wale ambao umri wa darasa la kwanza ulikuwa haujawafikia. Sisi kina mama tuliliita shule ya uji, kwa sababu watoto walirudi nyumbani na ulezi mdomoni.

Mwalimu alikuwa na msimamo wake. Alisema hawezi kumfundisha mtoto mdogo peke yake huku nyumbani kwao wamekaa kimya. Kila nyumba ilete kigoda, kiwekwe ukutani, na mtu wa nyumba ile aje akikalie: leo apike uji, siku nyingine awaimbie watoto, siku nyingine awaonyeshe kazi ya mikono. Na si majuma ya mwanzo tu, wakati kila kitu kipya kinapendeza. Alitaka mwaka mzima, masika na kiangazi, hata kahawa ikiwa imeiva na kila mkono unatakiwa shambani. Mwisho wa mwaka, mwenye kukalia kigoda ndiye atakayesimama mbele ya watu na kusema mtoto wa nyumba yake anaendelea wapi.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu. Mume wangu, Anyitike, alikuwa amekwenda Makongolosi kwenye dhahabu, na kwa habari zilizonifikia alikuwa amepata mke mwingine huko. Lutengano ndiye niliyebaki naye. Nilitaka aingie darasa la kwanza pale pale misheni, alale kwangu, ale kwangu, mpaka akue. Sikuona kwamba naomba kikubwa.

Majuma yale ya mwanzo nilikaa kigodani mimi. Nilikuwa msukaji wa mikeka, nikawafundisha watoto kupitisha jani juu na chini, juu na chini, vidole vyao vidogo vikikwama. Lutengano hakusuka hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wenzake, "Yule ni juba," yaani mama yangu, kana kwamba kulikuwa na mtu asiyejua. Mkeka tuliouanza pale niliumaliza nyumbani, nikautandika chini ya kigoda chetu.

Kisha Mwalimu akatangaza kanisani habari za darasa lake, pamoja na ile ya nani atakayesimama kusema. Baba mkwe wangu alikuwa mkubwa wa wazee wa kanisa, alikaa mbele, alisikia vizuri. Jumatatu yake nikaikuta fimbo mlangoni.

Mtu atauliza, kanisani tulikaaje? Kanisa lilikuwa na milango miwili. Wanaume waliingia kwa wao na sisi kwa wetu, na wakwe tulikaa nyuma ya nguzo, tumejifunika, hatuonani. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba inatosha. Lakini kibanda cha mahindi kilikuwa na mlango mmoja tu na chumba kimoja, na mzee alikaa pale pale mlangoni, kwenye kigoda chetu, juu ya mkeka wangu.

Ningeweza kuingia kwa nguvu. Nimeliwaza hilo miaka mingi. Lakini kabla ya Lutengano nilikuwa na binti, Alinanuswe, na siku moja nikiwa nimembeba mgongoni nilikutana uso kwa uso na mzee kwenye kona ya kijito, hapakuwa na pa kujificha. Masika yale homa ikamchukua mtoto. Wanawake hawakusema kitu mbele yangu, tulikuwa Wakristo, lakini walinitazama. Mimi sikuamini kwamba mwiko ukivunjwa mtoto ndiye hulipa, au nilijiambia kwamba siamini. Hata hivyo sikuwa tayari kulijaribia hilo kwenye mwili wa Lutengano.

Jirani yangu Sekela ndiye aliyepata wazo. Yeye alikuwa huru kuingia atakavyo kwa sababu mkwe wake alikuwa kaburini, na alikuwa akinitania kwamba niombe bahati kama yake.

"Dada, tuwaombe watoboe mlango wa pili," akaniambia. "Na kitambaa cha kugawa chumba. Ni mianzi tu ile, kazi ya asubuhi moja."

Akampelekea Mwalimu ombi, akamwambia ni mambo ya heshima tu, naye Mwalimu akalipeleka kwa wazee. Jibu lilirudi kupitia kwa mume wa Sekela aliyekuwa kikaoni. Mzee alikuwa amesema upande wa nyuma ndiko upepo wa mvua unakotokea, na watoto wataumwa kifua. Kisha akawauliza wenzake kwa upole, nani hapa kijijini ameshindwa kupita mlango uliopo? Wote walijua nani. Walikuwa na wake za watoto wao, walijua kabisa. Wakatazama chini, wakafunga kikao kwa sala.

Basi nikakaa nje. Mianzi ina nafasi za kusikilizia. Nilisikia Lutengano akijifunza kuhesabu, nikasikia akikosea, nikahesabu naye kimoyomoyo. Mvua iliponyesha nilisimama chini ya jani la mgomba. Siku ya zamu ya uji niliupika nyumbani, Sekela akauingiza, na Mwalimu akamshukuru mzee. Mara moja nilimsikia akiwaambia wageni wa misheni kwamba kuna nyumba ambayo mama ameshindwa, lakini babu, mtu mzima yule, hakosi. Alisema kwa nia njema. Alituona Jumapili wote tumo kanisani, akadhani basi hakuna linalonizuia isipokuwa uvivu. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia mzee, kwa sababu kumchukia yeye kuliruhusiwa.

Siku ya kufunga mwaka walipamba kibanda kwa majani ya migomba. Familia zote zilikuja. Nilikaa mahali pangu nyuma ya ukuta nikiwa nimevaa nguo yangu ya kanisani, sijui kwa ajili ya nani. Watoto waliimba, wakagawiwa uji wenye asali. Nyumba baada ya nyumba ikasimama kusema, na karibu wote walisema neno moja: darasa la kwanza, hapa hapa misheni.

Ikafika zamu yetu. Nikamsikia akiinuka, kigoda kikalia.

"Lutengano atakwenda Iringa," akasema. "Mwanangu Asukile anaishi Kihesa, ni karani, na nyumba yake haina mtoto. Kuna shule nzuri. Atakuwa mtoto wa kule."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Matilda alipiga kwa furaha kuliko wote. Kihesa ndiko alikozaliwa.

Sijui nilisimamaje. Nilishika mianzi kwa mikono miwili na kusema, kwa sauti yangu yote, maneno ambayo mkwe hatakiwi kuyasikia kutoka kwangu.

"Mtoto huyo ana mama. Hajaulizwa."

Makofi yakakatika. Mwalimu akauliza nani anayesema. Ndipo Lutengano akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni juba. Hukaa hapo."

Nilingoja. Nilitaka anijibu, anitukane, anirushie fimbo. Lakini desturi haimruhusu mkwe kumsikia mke wa mwanawe, na mzee alikuwa mtu wa desturi. Akaomba watoto waimbe wimbo mwingine. Wakaimba.

Mwalimu akatoka, akazunguka, akanikuta. Alitazama nyasi zilizolala, akatazama ukuta, mahali ambapo mianzi ilikuwa imeng'aa kwa kuegemewa.

"Mama Lutengano, mwaka mzima ulikuwa hapa?"

"Hapa."

Akaanza kulia. Machozi yake sikuwa na pa kuyaweka. Alimwendea mzee, nasikia alimwendea hata mchungaji, akaambiwa mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na hilo hata baba yangu mzazi aliniambia nilipomkimbilia.

Lutengano alipanda basi mwezi wa kwanza, na kile kikombe chake cha bati. Mwezi wa pili Mwalimu alichukua panga mwenyewe, akatoboa mlango nyuma ya kibanda, karibu na mahali nilipokuwa nikikaa, akatundika kitambaa katikati ya chumba bila kumwomba mzee yeyote ruhusa. Mvua haikuingia. Watoto hawakuumwa kifua. Alinifuata nyumbani kunikaribisha, nije niwafundishe kusuka. Nikamwuliza nitakaa kwenye kigoda cha nani.

Lutengano alirudi akiwa kijana mwenye ndevu, kumzika babu yake. Aliongea Kiswahili cha Iringa na Kinyakyusa cha kubabaisha. Alimwita mke wa Asukile mama, nami aliniita mama wa Rungwe, kwa adabu, huku ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alikaa kwenye mkeka wangu uani, wanawake wa msiba wakiosha vyungu karibu nasi, akanisimulia anavyomkumbuka marehemu.

"Babu alinipenda, mama. Darasani hakukosa hata siku moja. Wewe najua shamba lilikubana, sikulaumu."

Nikamtazama. Uso ulikuwa ule ule. Ningeweza kumwonyesha mahali, lakini kibanda kilikwishabomolewa zamani.

"Andendekisye ndiye aliyenizuia," nikasema. "Andendekisye alijua niko nyuma ya ukuta."

Wanawake wakaacha kuosha; jina la baba mkwe wangu lilikuwa limetoka kinywani mwangu. Mmoja aliachia chungu, mwingine akajifunika kanga mdomoni. Kichwa changu kilikuwa wazi na sikukifunika.

Lutengano akageuka kuwatazama, akanitazama mimi, hakuona kilichotokea. Huko Kihesa hakuna aliyemfundisha. Akanyoosha kikombe, akaniomba kama chai bado ipo nimwongezee, nikamwongezea.