Kamati Ilipolala

Chuo chetu kina kanuni kwa kila kitu, hata kwa mambo ambayo Mungu mwenyewe aliyaacha bila kanuni. Mhadhiri akiandika makala, Kamati ya Utafiti na Ubunifu inaisoma. Akichonga sanamu, kamati inaizunguka na kuigusagusa. Akitunga muziki, wajumbe watatu wanakuja kuusikiliza, kisha angalau mmoja wao anathibitisha kwamba ameusikia tangu mwanzo mpaka mwisho. Pasipo hivyo kazi haitambuliwi. Kazi isiyotambuliwa haipati ruzuku, na mhadhiri asiye na ruzuku hana haki ya kung'ang'ania chumba.

Mimi nilikuwa na chumba. Kiko chini kabisa kwenye jengo la sanaa, ukishapita vyoo, mlango wa kijani. Nilikitandika zulia nene ukuta hadi ukuta, nikaweka spika kwenye kila pembe na viti vya kuegemea vilivyotupwa na maktaba. Mapazia ni ya manjano, na mchana jua likipenya, chumba kizima kinageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Humo ndani hata hatua zako mwenyewe huzisikii. Watu wa Ofisi ya Mitihani walikuwa wanakimezea mate siku nyingi ili warundike viti vibovu. Mkuu wa idara alishaniambia bila kupepesa macho kwamba mwaka huu kazi yangu isipotambuliwa, chumba kinakwenda, na mimi narudi kufundisha darasa la mwaka wa kwanza mpaka nistaafu.

Kazi yenyewe ni wimbo wa kubembelezea. Haya, chekeni mmalize. Watu wazima wanatafiti mende na hakuna anayewacheka.

Nilianza kuutunga nyumbani, mama alipokuwa mgonjwa na usingizi umemkimbia. Nilikuwa nawasha kinasa sauti kando ya kitanda chake na kunasa kila kitu kilichomtuliza: ufagio uani, mfuniko wa sufuria ukirudishwa taratibu, mvumo wa feni, mimi nikiimba na mdomo umefumbwa. Baadaye nikawa nazivuta sauti hizo, nazipunguza kasi, naziweka moja juu ya nyingine mpaka ufagio ukawa kama mtu anapumua mbali. Mama alikuwa akiusikia anashusha mabega. Alipofariki nikaubeba wimbo pamoja na huzuni yangu mpaka chuoni, nikaufanyia kazi kisomi.

Na unafanya kazi, hilo hakuna anayebisha. Wanafunzi niliowajaribishia walilala wote, pamoja na yule mbishi aliyeapa kwamba yeye halalagi mchana. Fundi umeme aliingia kurekebisha soketi wakati umewashwa, nikamkuta amechapa usingizi na koleo lake mkononi. Shida ndiyo hiyo hiyo. Hapajawahi kutokea mtu aliyeusikia mpaka mwisho.

Dada yangu, ambaye hana huruma hata ya dawa, alinipigia simu asubuhi ya siku ya kamati.

"Hebu nieleweshe, mdogo wangu. Wimbo ukiwa mbaya, watabaki macho, na watakunyima alama kwa sababu ni mbaya."

"Ndiyo."

"Ukiwa mzuri, watalala, na watakunyima alama kwa sababu hawakuusikia."

"Ndivyo kanuni ilivyo."

"Aliyekuroga alishakufa."

"Dada, nakuomba, leo sitaki."

"Basi wapikie kahawa. Ile nzito, ya kukwaruza koo. Na viti vyako hivyo vya kuegemea vitoe, uwape mabenchi."

Viti sikuvitoa. Nina kiburi changu, na sikutaka kazi yangu isaidiwe na benchi. Ila kahawa niliipika, nyeusi tii, mpaka kijiko kikasita kuzama.

Sasa, katibu wa kamati kwa akili zake aliwapangia saa nane mchana, wametoka kula. Waliingia wamefungua vifungo vya makoti. Mwenyekiti alikuwa profesa wa udongo, mrefu, mkavu, na wanafunzi wake wanamwita Profesa Kichuguu, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Wa pili ni mama wa ofisi ya fedha, jina lake la mtaani Mama Bajeti. Wa tatu alikuwa mtaalamu wa kutoka chuo kingine, mwalimu wa kwaya, mtu wa tai ya kipepeo na vidole visivyotulia.

"Unachukua muda gani?" Mama Bajeti aliuliza.

"Muda wa mtu kulala, mama."

"Mimi kazini silali," alisema Kichuguu, akakunja mikono.

Walikunywa kahawa, wakakaa. Mimi nikaingia kwenye kibanda changu cha mitambo nyuma ya kioo, ambako sauti za chumbani haziingii isipokuwa nizifungulie. Nikawasha.

Kwa upande wangu wa kioo ni kama kutazama watu wakizama kwenye maji ya vuguvugu. Mama Bajeti ndiye aliyetangulia. Kalamu ilimponyoka, ikaanguka kwenye zulia bila mlio, naye akaitazama kwa upendo, asiinuke. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaongoza kwa kidole kimoja, juu, chini, juu, kisha kidole kikabaki hewani peke yake huku mwenyewe ameshaondoka. Mapazia yalijaa upepo na kupungua. Nilimwona Kichuguu akipigana. Alijifinya paja, akatoa macho, akayakaza kwenye swichi ya taa kama vile ndiyo iliyoshikilia dunia. Halafu kidevu kikashuka polepole, kikatua kwenye tai. Rangi ya chai ilikuwa imewafunika wote watatu, na nilihisi kwamba ningefungua mlango wangetoka humo wakielea.

Wimbo ulipokwisha nikaingia, nikamkuta mwalimu wa kwaya anakoroma, nikakohoa.

"Kazi nzuri," alisema Mama Bajeti, akifuta pembe ya mdomo. "Nilikuwa nimefumba macho tu, nisikie vizuri."

"Hata mimi," alidakia mwalimu wa kwaya. "Na hasa nimependa mwisho. Ile mvua kwenye paa la bati! Nimerudi utotoni kabisa."

Mama Bajeti akamgeukia. "Mvua ipi? Mwishoni kuna watoto wanaruka kamba."

"Mama, mimi ni mtu wa muziki. Mvua naijua."

"Na mimi watoto nawajua, nimezaa."

Kichuguu alikuwa anavaa miwani yake, kaivaa juu chini. "Mwishoni," alisema taratibu, na sauti yake haikuwa ile ya mwenyekiti, "kuna mwanamke ananiita nikale."

Hakuna mvua kwenye wimbo wangu, wala kamba, wala chakula. Wote watatu wakanigeukia nitoe hukumu, na nikaona wazi kwamba nikimpa mmoja ushindi nimewapoteza wawili. Ningeweza kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, niseme ah, muziki una tafsiri nyingi waheshimiwa. Chumba kingebaki changu. Lakini nilishaguswa pabaya. Mtu anatoa roho yake miaka yote hiyo, halafu apewe alama za mvua ambayo hakuiweka?

"Mlilala," nikasema. "Wote. Mwalimu umekoroma kwa sauti ya pili."

Mama Bajeti aliruka kimanga. Mwalimu wa kwaya alisema hajawahi kutukanwa hivyo tangu aanze kazi. Mwenyekiti yeye aliigeuza miwani ikakaa sawa, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Turudie," akasema. "Safari hii nitasimama."

Akavua viatu, akaenda kusimama katikati ya zulia na soksi zake za kijivu. Wenzake walikaa kwa hasira, na hasira yao haikufika mbali. Nilipowasha, Mama Bajeti alilala kabla hajamaliza kuguna, na mwalimu wa kwaya akamfuata, usingizi wa pono. Kichuguu alitembea. Alienda ukutani, akarudi, akaenda, taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayelinda kitu. Kope zilikuwa nzito lakini hazikufunga. Wimbo ulifika nusu. Ukapita nusu.

Hapo ndipo nilipopeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima, kwa sababu nilijua kilichoko mwishoni. Siku moja nilimwimbia mama mpaka akapitiwa, na kinasa sauti nikakisahau kinaendelea. Kilininasa mimi. Baadaye nilipokuwa naunganisha kazi niliisikia sehemu ile, nikashindwa kuikata na nikashindwa kuitoa hadharani, basi nikaipachika mwisho kabisa. Kila mtu analala kabla, nikajiambia. Ni mahali salama kuliko kabati. Sasa mzee wa watu alikuwa anatembea kwa soksi kwenda huko huko.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikizima, hakuna atakayenisikia, na viti vibovu vinaingia kesho. Nikiacha, mtu nisiyemjua, mtu wa udongo, atasikia kitu ambacho hata dada yangu hajakisikia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini pia, na hili ndilo lililonishangaza, nilitaka asikie. Nilitaka sana. Nikautoa mkono kwenye mitambo, nikaukalia.

Nikafungulia sauti za chumbani ziingie kibandani. Ufagio ulikuwa umeshanyamaza. Sauti yangu ya kuimba ikapungua, ikaisha. Kikafuata kiti cha mbao kikilia, na maji yakimiminwa kwenye glasi. Kisha nikajisikia, kwa sauti kavu ya mtu asiyejua kwamba anasikika: "Umelala, mama? Afadhali." Kimya. Feni. "Mimi nimechoka, mama. Nimechoka mpaka basi." Halafu kilio cha mtu anayeuma shuka asimwamshe mgonjwa, na hapo ndipo wimbo unapoishia.

Kichuguu alikuwa amesimama ukutani, kiganja kwenye spika. Kisha akaja akafungua mlango wa kibanda.

"Ni wewe yule."

"Ni mimi."

"Mke wangu nilimuuguza mwenyewe," alisema. "Akishapitiwa, nilikuwa natoka barazani natia vidole kwenye chungu cha maua. Nachimba tu. Watoto wakawa wanauliza, baba, haya maua anayaua nani? Sikuwahi kumwambia mtu."

Nilisema pole, na yeye akasema pole, tukabaki tunapeana pole kama watu waliokutana kwenye mlango mwembamba. Kisha akajikohoza, uenyekiti ukamrudia.

"Kanuni yetu inataka mjumbe aliyesikia mpaka mwisho atoe pendekezo, na wajumbe wengine wapewe nafasi ya kupinga. Asiyepinga amekubali." Akageuka chumbani, akanong'ona: "Napendekeza kazi hii itambuliwe, na mwenye kazi abaki na chumba chake. Kuna anayepinga?"

Mama Bajeti akakoroma. Mwalimu wa kwaya akajigeuza upande.

"Hakuna," alisema Kichuguu. "Imepita."

Nilicheka, na cheko likanigeukia katikati, likawa machozi. Nilijifuta kwa mkono wa blauzi. Chumba changu. Kile kirundo cha viti vibovu kikatafute kwingine.

"Wewe umewahi kuusikiliza ukiwa umekaa hapo?" akaniuliza, akionyesha viti.

"Mimi ndiye ninayeendesha mitambo, Profesa."

"Kitufe ni hiki?"

"Ni hicho, lakini..."

"Nenda ukakae."

"Utalala na wewe."

"Nimeshafika mwisho mara moja, njia naijua. Nenda, mwanangu."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama alipoondoka. Nikaenda. Kiti kilichobaki kilikuwa katikati ya wale wawili, nikajibanza hapo, kushoto namsikia Mama Bajeti akivuta pumzi na kulia yule bwana akijibu. Ufagio ukaanza uani, mbali. Mfuniko ukarudishwa kwenye sufuria kwa adabu. Nilisikia sauti yangu ikiniimbia na kwa mara ya kwanza sikutafuta kosa ndani yake. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Zulia likawa na kina, na mwanga wa chai ukanipanda kiunoni, kifuani, ukanifika kidevuni bila kunitisha. Nilifumbua jicho moja. Nyuma ya kioo mzee alikuwa amesimama wima na soksi zake, macho makavu, hatazami mitambo, ananitazama mimi. Nikawaza kwamba bado kitambo atasikia tena yule mtu akisema amechoka, na kwamba sasa yupo wa kumsikiliza, mimi naweza kulala.

Mwisho sikuusikia.