Chupa Thelathini za Philomena

Philomena alipandisha mlima tangu asubuhi na mapema, na hasira haikumtoka njia nzima. Shemeji yake, Herman, alikuwa amekwenda kwa wazee wa baraza la ardhi la kijiji kusema kwamba kile kipande cha shamba kule juu, karibu na korongo, ni chake. Eti tangu kaka yake Evarist, mume wa Philomena, afariki, yeye ndiye anayekilima. Eti hata ile miche thelathini ya parachichi kaipanda yeye kwa mikono yake. Mikono gani? Hiyo inayoshika kikombe cha pombe toka saa tatu asubuhi? Jamani, kuna watu Mungu aliwanyima haya akawaongezea mdomo!

Leo wazee walikuwa wanakuja kuona kwa macho yao. Shamba hilo likienda, Philomena anabaki na ua wa nyumba na mbuzi wawili, basi.

Na tatizo lilikuwa hili: hakuna aliyewahi kumwona akimwagilia. Kiangazi cha kijiji chao cha Endasak hakina mchezo, na kisima kiko mbali bondeni. Kwa hiyo mwaka jana aliokota chupa tupu za maji, zile za lita moja na nusu, akazikata vitako, akatoboa vifuniko kwa msumari wa moto, akapitisha utambi wa kitambaa, kisha akazifukia kichwa chini, moja kando ya kila mche. Juu ya kila chupa aliweka jiwe bapa ili jua lisimnyang'anye maji. Utambi ulilowesha mizizi kidogo kidogo wiki nzima. Yeye alipandisha mlima na maji Jumamosi tu, kabla watu hawajatoka majumbani, akajaza chupa zote, akarudi zake. Akili yake ndiyo iliyomponza! Angebeba ndoo kila siku kama punda, kijiji kizima kingekuwa shahidi.

Wazee watano walipofika, Herman alikuwa keshawatangulia, amevaa koti la marehemu. Koti lenyewe! Philomena alisaga meno, akawaamkia wazee, wakaitikia marahaba. Mwenyekiti wao, Mzee Margwe, aliinama, akaondoa jiwe moja, akachungulia chupa.

"Maarifa haya ni ya nani?"

"Yangu, mzee," Herman alisema bila hata kumeza mate. "Unakata kitako, unatoboa kifuniko, unatia utambi, unafukia. Kazi ndogo tu."

"Mwongo!" Philomena akafoka. "Mwongo mkubwa! Ulikuja kuchungulia lini?"

"Mama Judica, tulia, zamu yako inakuja," Mzee Margwe alisema. "Herman, na hizo tambi umezitoa wapi?"

"Matambara tu ya kwangu nyumbani. Nimeyachana mwenyewe, nikazitia zote thelathini."

Philomena akalitazama lile jiwe. Jibu lilikuwa pale pale chini ya udongo, lakini lingemchoma yeye kwanza. Mwaka juzi, siku ya kuanua matanga, wazee hawahawa waligawa nguo za Evarist. Herman, kwa kuwa ndiye mdogo wa marehemu, akapewa koti, viatu, na lile shuka la mistari ya bluu na nyeusi. Shuka halikuonekana. Mzee Margwe alimuuliza Philomena mbele ya ukoo mzima, naye akajibu kwamba limepotea hospitalini. Akawadanganya wazee, macho makavu. Shuka lilikuwa chini ya godoro lake. Lilikuwa na harufu ya mume wake, na asingempa Herman hata kwa viboko. Harufu ilipoisha kabisa, alilichana vipande thelathini. Hakumwambia mtu, hata binti yake Judica.

Akisema, anajianika. Asiposema, shamba limekwenda. Akamtazama Herman anavyojifuta mavumbi ya mikono kwenye lile koti, na hasira ikamwamulia.

Alipiga magoti, akang'oa chupa ya kwanza, akavuta utambi ukatoka wote, umelowa chepechepe. Akaufuta tope kwa upindo wa kitenge chake, akaunyoosha mbele ya wazee. Mistari ya bluu na nyeusi ikaonekana.

Herman akaruka. "Shuka la kaka! Wazee, si mnaliona? Mwizi huyu! Lilikuwa fungu langu! Muda wote huu ananifichia, kumbe kalichana! Mchawi mkubwa wewe!"

Alipiga kelele mpaka povu likamtoka, na hakuna mzee aliyemkatiza. Alipoishiwa pumzi, Mzee Margwe akamuuliza taratibu, "Herman, si umesema tambi umezichana mwenyewe?"

Herman akaanza tena kujifuta mavumbi kwenye koti. Mzee akamgeukia Philomena.

"Na wewe, Mama Judica, ulituambia shuka limepotea."

"Niliwadanganya, mzee." Alikuwa bado kapiga magoti, utambi mkononi. "Nitozeni faini, nitalipa. Lakini koti mlimpa yeye, viatu mlimpa yeye. Mimi niliyemuuguza miezi saba mlinipa nini?"

Wazee wakatazama chini. Mmoja akakohoa.

"Utaleta mbuzi mmoja, kwa uongo wako," Mzee Margwe alisema hatimaye. "Shamba ni lako. Na hiyo chupa irudishe, mche usije ukanyauka."

Philomena akaupitisha utambi tena kwenye kifuniko, akaifukia chupa, akaushindilia udongo kwa ngumi.

"Na hilo koti, shemeji," alisema bila kugeuka, "likichakaa niletee. Mwakani naongeza miche."