Gome la Pili

Siku ile wakwe wa Mzee Ndewirwa walipoitema pombe yangu kwenye nyasi za uani kwao, nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Sikuvua hata kilemba, nikajitupa juu ya magunia ya ulezi ndani ya kibanda changu cha kupikia na kufumba macho. Sikutaka kulala, nilitaka tu nisilione pipa langu la pombe. Lakini usingizi ukanichukua kama unavyomchukua mtu aliyelia, na niliyoyaona mchana ule ndiyo ninayowaandikia, hasa nyinyi kina mama wenzangu mnaopika na kulea kwa wakati mmoja, maana tangu siku hiyo sijatulia: nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa.

Kwanza mjue kilichotokea. Mimi ni mpishi wa mbege huku kwetu Machame tangu nilipomaliza darasa la saba. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikachanganywa na uji wa ulezi, na ndani ya uji huo hutiwa gome la mti wa msesewa. Gome ndilo linaloleta uchungu. Likipungua, umepika uji wa watoto, na likizidi umepika dawa ya minyoo, na katikati hapo hakuna kipimo ila ulimi. Kwa miaka minne sasa ulimi wa kuonja nyumbani kwangu ulikuwa wa binti yangu Aikande, mwenye miaka ishirini na sita. Niliringa nao. Alipokuwa mchanga na analia, nilichovya kidole kwenye povu la siku ya kwanza, lile tamu, nikamtia mdomoni, akanyonya, akalala, nami nikarudi kwenye moto wangu nikiwaambia watu, “Huyu atakuwa fundi kuliko mimi.”

Basi siku ya kupika pombe ya Mzee Ndewirwa, aliyekuwa anakwenda kumposea mwanawe, Aikande alionja uji wa ulezi akatikisa kichwa.

“Mama, haujakolea.”

“Si umetia gome?”

“Nimetia. Lakini huu ni uji wa mgonjwa. Niongeze?”

“Unayeonja ni wewe. Ongeza.”

Akatia gome la pili. Siku ya siku tukafika kwa wakwe, watu wamekaa, vitenge vimepigwa pasi. Desturi yetu ni mpishi kunywa kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hakuna ubaya. Nikanywa kata yangu, nikafuta mdomo, nikampa baba wa binti anayeposwa. Akapiga funda moja, akageuka pembeni akatema. “Jamani,” akasema, “hii ni pombe au mmetuchemshia mti mzima na mizizi yake?” Watu wakacheka, wa pili akatema, wa tatu akatema. Mmoja akauliza kama tumekuja kuposa au kutibu malaria. Mazungumzo yakaahirishwa. Mzee Ndewirwa akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, “Mama Aikande, umenivua nguo mbele ya wakwe zangu.”

Njiani wakati wa kurudi, Aikande alifungua pochi kutafuta leso nikaona kichupa, kile kidogo cha pombe kali, nyeupe kama maji, kimebaki robo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, “Mama, usianze. Bia siku hizi hata siisikii, ni maji yenye povu.” Hapo ndipo nilipoelewa habari ya gome la pili, nikamwita kila jina baya. Nikamwambia ulimi wake umekufa, ameniharibia kazi ya maisha yangu. “Na wewe?” akaniuliza. Nikamjibu mimi si mlevi, mimi ni mpishi, naonja tu.

Sasa sikilizeni ndoto. Nilijiona nimesimama kwenye nchi nyekundu, laini, yenye unyevu. Ukikanyaga, ardhi inabonyea kidogo, ukiinua mguu inarudi, na kila upande kuna vilima vidogo vidogo vilivyobanana kama vipele. Kichwani nilikuwa na mtungi uliojaa, unachuruzika kidogo kidogo mgongoni kwangu. Nchi ile niliitambua mara moja, maana darasa la tano mwalimu wetu wa sayansi aliichora ubaoni kwa chaki nyekundu: mbele utamu, pembeni uchachu, nyuma kabisa uchungu. Nilikuwa nimesimama juu ya ulimi. Na kule nyuma, baada ya uchungu, mahali ambapo mwalimu hakuandika kitu, palikuwa na giza la koo, na upepo wa joto ulitoka humo ukaenda na kurudi, kama pumzi ya mtu anayelala vibaya. Nikatazama mbele nikamwona Aikande kwa mbali, amenipa mgongo, anatembea kuelekea kule. Nikaita, sauti haikutoka. Nikataka kukimbia, mtungi ukayumba, nikaushika kwa mikono miwili.

Pembeni yangu akatokea mwanamke wa makamo, amefunga kitenge kwa nguvu kiunoni, ameshika kopo la kupimia nafaka, na kila mara alikuwa akipitisha kiganja juu ya kopo lile kulisawazisha, ingawa halikuwa na kitu. “Naitwa Kiasi,” akasema. “Nyumbani kwako nilikaa zamani, ukanihamisha bila kuniaga. Twende, lakini tua mtungi kwanza.” Nikamwambia, “Dada yangu, mtungi huu ndio umemlisha yule pale na kumsomesha, nitautuaje?” “Sijakwambia uuvunje,” akasema, “nimesema uutue. Mimi simburuti mtu. Mimi husimama, na anayetaka kusimama nami husimama.” Sikuutua. Tukaenda.

Mahali pa kwanza palikuwa penye mwanga na nyuki wengi, na msichana mnene aitwaye Utamu alikuwa ameketi katikati ya watoto wachanga, safu kwa safu, na kila mtoto ana kidole cha mama yake mdomoni. Hakuna aliyelia. Akina mama walikuwa wamegeuzia nyuso pembeni, kila mmoja anatazama moto wake. “Wangu wote hawa,” Utamu akasema akicheka, “na hakuna hata mmoja atakayekaa. Wakijifunza kutembea tu, wananiona mshamba.” Na kweli, kutoka pale njia iligawanyika kushoto na kulia kuelekea kwenye uchachu, na hapo walijaa vijana, na mwenyeji wao alikuwa kaka mmoja mrefu, mweupe, aliyevimba mashavu, jina lake Povu. Alikuwa anacheka kabla ya mzaha na baada ya mzaha. “Karibu dada! Karibu kaka! Tunapoza koo tu hapa!” Vijana wakanywa, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukitazama vizuri nikiwa macho: kila aliyekunywa alikunja uso, machozi yakamtoka, mwili ukakataa kabisa, kisha akawageukia wenzake akasema, “Safi!” Binti mmoja alisema kwa sauti ndogo, “Mimi naona chungu.” Wakamzomea. “Mletee maziwa huyo! Mletee na nepi!” Akanywa tena. Mara ya tatu hakukunja uso.

“Hapo katikati ya mara ya pili na ya tatu,” nikamuuliza Kiasi, “kumetokea nini?”

“Amekutana na Mazoea,” akanijibu. “Utamwona. Usimtafute kwa sura mbaya.”

Na sura haikuwa mbaya. Mazoea alikuwa mzee nadhifu, shati limefungwa vifungo vyote, sauti ya mkwe mwema, anazunguka kati ya watu na kitambaa laini cheupe. Kila aliyepita alimwambia, “Toa ulimi mwanangu, nikufute uchungu kidogo,” naye akatoa, akafutwa, akashukuru. Lakini nilikuwa karibu, nikaona kwamba kitambaa hakichagui: kinafuta uchungu, na ndani ya mikunjo yake kuna utamu wa muwa pia, na chumvi ya mchuzi, na ladha ya maji ya mto asubuhi. Nikajua anaondoka nazo zote. Nikatazama mbele, Aikande alikuwa ameshampita, ameshafika kwenye nchi ya nyuma, nami nikaongeza mwendo.

Nyuma kule hakuna kelele. Huko anatawala Ukali, mwanamke mwembamba aliyevaa nguo zisizo na rangi, anamimina kitu kisicho na rangi, na watu wa umri wangu na zaidi wamekaa kwa mistari wakinyoosha vikombe bila kutazamana. Nikamshika mmoja bega, nikamuuliza, “Baba, hicho unachokunywa kina ladha gani?” Akafikiri, akafikiri tena. “Ladha,” akasema, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani aliyehama. “Hatunywi kwa ajili hiyo, mama.” Hatua chache mbele yao ardhi ilikatika, na koo lilikuwa wazi.

“Aikande!” Safari hii sauti ilitoka. Nikakimbia na mtungi wangu ukimwagika shingoni, kushoto na kulia, na upepo ule wa joto ukinivuta usoni, nikafika ukingoni, na Aikande hayupo. Nikazungumza ovyo, nikamshika Kiasi kitenge. “Ametumbukia! Umesimama tu na kopo lako, mwanangu ametumbukia!”

“Tazama chini,” Kiasi akaniambia.

Nikatazama. Kwenye ardhi ile laini kulikuwa na nyayo za Aikande, nyembamba, nazijua. Lakini chini ya kila unyayo wake kulikuwa na mwingine mpana zaidi, wa zamani, wenye nyufa kwenye kisigino, na kando yake matone, mstari mrefu wa matone ya mbege uliotoka kule kwa watoto wachanga hadi pale nilipokuwa nimesimama. Nikageuka. Aikande alikuwa nyuma yangu, anakuja, ameinamisha kichwa, anafuata matone. Yule niliyekuwa namwona mbele muda wote, amenipa mgongo, sikuwa nimemtazama kichwani. Sasa nilikumbuka: alikuwa na kilemba changu.

Mzee Mazoea akatokea ubavuni kwangu na kitambaa chake. “Karibu tena, mama,” akasema kwa upole. “Leo umechelewa.” Nami, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulifunguka wenyewe na ulimi ukatoka, kama mtu aliyefanya hivyo kila siku.

“Utue mtungi!” Kiasi akapiga kelele.

Nikaamka. Aikande alikuwa ameinama juu yangu ananitikisa, macho yamemvimba. “Mama, unalia. Mama, unasema utue, nitue nini?” Jua lilikuwa bado mlangoni. Nikakaa juu ya magunia, nikamtazama, na jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka tangu asubuhi likasimama mbele yangu.

Mimi nilikunywa kwanza. Mbele ya wakwe wote, kata nzima, mpaka chini. Nikafuta mdomo. Sikusikia kitu. Watu watatu walitema funda moja moja la kitu nilichokimaliza kata nzima nikakiona kiko sawa.

“Aikande,” nikasema, “uliniona nikinywa kule?”

Akasema, “Nilikuona mama. Ulipomaliza nikapumua, nikajua nimepatia. Walipotema nikasema labda hawa wakwe hawajui kunywa.”

Akina mama, nawaandikia hili. Sisi tunahesabu ulevi kwa mtu anayeanguka mtaroni, na wapishi hatuanguki. Tunaonja asubuhi tuone kama imeiva, mchana tuone kama imechacha, jioni tuone kama kesho itafaa, na tunasema tuko kazini. Ulimi hautoi taarifa unapoondoka. Utadhani bia zimekuwa nyepesi, utadhani soda zimekuwa tamu mno, utadhani gome la msesewa la siku hizi halina nguvu, utasema mambo yamebadilika. Mimi nilisema hivyo miaka mingi, na mtoto alikuwa nyuma yangu anasikiliza.

Kwenye kona kulikuwa na ndizi mbivu zilizobaki, za kupikia, zimeiva mpaka ganda limepata madoa. Nikachomoa mbili, nikampa moja. Tukakaa pamoja kwenye gunia tukimenya, pipa likiwa mbele yetu na kifuniko chake. Nikauma, nikatafuna polepole, nikaizungusha huku na huku, mbele ya ulimi, pale mwalimu alipoandika utamu.

“Vipi mama?” Aikande akauliza. “Tamu?”

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

“Bado natafuta,” nikamwambia. “Na wewe?”

Akatafuna, akameza, akaitazama ndizi mkononi mwake kama kitu alichokiona mara ya kwanza.

“Bado,” akasema, akauma tena.