Gundi Isiyolijua Jua

Tangu Tarsis arudi kutoka Guangzhou na kontena la vijiti vya gundi, Kariakoo nzima ilikuwa inamkwepa, maana hakuna aliyemsalimia akaondoka bila kuhutubiwa. Bango la duka lake lilimwita Mfalme wa Gundi. Ndani, chini ya kiyoyozi, aliweka kiti cha chuma kilichokatwa miguu yote minne na kuungwa upya kwa gundi yake. Mteja akiingia, Tarsis aliyeyusha kijiti, akadondosha tone la moto kaunta, akasubiri kidogo, akaligonga kwa ukucha.

"Jiwe!" Kisha alikalia kiti, akakunja nne.

Zamda, mama wa Buguruni anayefungasha kashata kwenye maboksi, aliyatazama yote hayo bila kupepesa.

"Imeganda upesi mno," alisema. "Gundi iliyozidishwa nta ndivyo ilivyo, na kulegea juani ni upesi vilevile. Niliyonunua mwanzo, maboksi yalifumuka vichwani mwa wachuuzi."

"Mama, hii imepimwa maabara."

"Kashata zangu haziuzwi maabara, Mangi. Kitoe nje tuone."

Wapagazi walishajaa mlangoni. Mfalme akakataaje? Akakitoa kiti barazani, jua la utosi, na suruali yake nyeupe, akaketi.

Kwanza chuma kilimchoma makalio, akalazimisha tabasamu. Jasho likamtoka, naye hakubanduka. Baadaye mguu mmoja wa nyuma ukaanza kuchepuka, gundi ikivutika kama ulimbo. Tarsis akaegemea upande wa pili. Na wa pili nao ukachepuka.

"Baraza ndiyo imeinama!" alifoka, huku akizidi kushuka.

"Taratibu, bosi, unakaribia kufika," mpagazi mmoja alimtuliza.

Alipotua chini hakuna aliyempa mkono. Mikono yote ilikuwa na simu. Akajizoa, akakimbilia ndani kwenye ubaridi, mguu wa kiti umemnasa nyuma kama mkia. Huko gundi ikaganda upya. Akauvuta huo mguu mpaka kitambaa kikalia, wenyewe umetulia tu.

"Hapo sasa imeshika," Zamda alisema, akabeba kikapu chake kwenda duka jingine.

Wiki iliyofuata Tarsis alipakia katoni zote zilizobaki kwenye lori la Marangu, kwenye baridi ya Kilimanjaro, kwa shemeji zake, akawaambia ni gundi maalumu kwa nchi za baridi. Walimpigia simu kumshukuru, wakasema kweli mjini hajawasahau.